Kilo Zimeandikwa, Masikio Hayakuulizwa

Mtoto ana mwaka na nusu na bado hajasema hata "mama". Bibi yake anawatuliza watu: atasema tu, mbona baba yake naye alichelewa. Jirani anashauri aangaliwe udata, huenda ulimi umeshikwa chini. Shangazi anaona huyu ni mkaidi, kwa sababu ukimwita akiwa amekupa mgongo hajigusi, lakini ukitokea mbele yake na ndizi mkononi anakuja mbio. Kila mmoja ameona jambo la kweli. Aliyekosekana ni mtu wa kuyaweka pamoja: haitiki kwa sauti, anaitika kwa macho. Huyu mtoto hasikii.

Mtoto hupoteza usikivu kwa njia nyingi, kuanzia homa ya uti wa mgongo hadi manjano kali ya siku za mwanzo au urithi wa ukoo. Leo nazungumzia njia moja ambayo majumbani hatuitaji kabisa, na hata vituoni hutajwa kwa kupita: virusi vilivyomfikia tumboni, kabla hajazaliwa. Virusi vya rubela ni mfano. Vya saitomegalo, ambavyo madaktari huvifupisha CMV, ni mfano mwingine, tena vimeenea zaidi. Vya Zika vilitangazwa dunia nzima, kisha vikasahauliwa.

Habari za watoto hawa tumezoea kuzisimulia kama hukumu ya siku moja. Ama amezaliwa na kasoro, ama amezaliwa salama. Neno "salama" likishaandikwa kwenye kadi, hakuna anayeuliza tena. Nami nasema siku ya kuzaliwa ni shahidi dhaifu sana. Anayetaka kujua virusi vimemfanyia nini mtoto, amwangalie akiwa na miezi 9, amwangalie akiwa na miezi 18, amwangalie anapoanza shule. Na sehemu kubwa ya kile atakachokikuta huko mbele haitakuwa kazi ya virusi peke yake. Itakuwa kazi ya muda tuliouacha upite.

Ushahidi wa jambo hili una umri wa zaidi ya miaka 80. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, alikuwa akipokea watoto wachanga wenye ukungu mweupe kwenye mboni. Ugonjwa huo kwa Kiswahili tunauita mtoto wa jicho, na tumezoea kuuona kwa wazee. Kuukuta kwa mtoto wa wiki tatu kunamshtua daktari yeyote. Kuukuta kwa makumi ya watoto katika muda mfupi kunamwambia kuna kitu kimepita. Husimuliwa kwamba aliwasikia akina mama wakizungumza wao kwa wao wakisubiri zamu, wakikumbuka rubela waliyougua wakiwa na mimba changa katika mlipuko wa mwaka 1940. Akakusanya habari za watoto 78, wake na wa madaktari wenzake. Mama wa wengi wao walikuwa wameugua rubela. Watoto wengi walikuwa pia na kasoro za moyo. Mpaka siku hiyo rubela ilihesabiwa ugonjwa mdogo tu wa watoto: vipele vya siku tatu, homa kidogo, tezi kuvimba nyuma ya masikio, basi.

Kinachonigusa zaidi katika taarifa ya Gregg ni kitu ambacho hakimo. Uziwi haumo. Macho meupe yanaonekana kwa kutazama, moyo wenye tundu unasikika kwa chombo cha daktari, lakini mtoto mchanga kiziwi analia, ananyonya, analala kama wenzake. Habari za masikio zilikuja baadaye, watoto walipofika umri wa kusema na wasiseme. Leo inajulikana kwamba uziwi ndio tatizo linalowapata wengi zaidi kati ya watoto waliozaliwa na rubela. Kwa hiyo daktari makini kiasi kile, aliyegundua kile ambacho hakuna aliyekigundua kabla yake, alipitwa na dalili iliyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa wakati wake wa kuonekana ulikuwa haujafika.

Watoto wa Gregg hawakuachwa. Walipofika miaka 25 walichunguzwa upya, watu 50, na wengi wao walikuwa wameendelea vizuri kuliko ilivyodhaniwa utotoni mwao. Walipofika miaka 60 wakatafutwa tena, wakapatikana 32. Asilimia 22 walikuwa na kisukari, asilimia 19 walikuwa na matatizo ya tezi ya shingoni, na kwa wanawake karibu robo tatu hedhi ilikuwa imekatika mapema. Wiki chache za mwaka 1940, na miaka 60 baadaye bado zinadai. Wakati huohuo watu hawa walikuwa wamesoma na wamefanya kazi. Matokeo haya mawili lazima tuyashike yote pamoja, maana tukishika moja tutakata tamaa, na tukishika jingine tutazembea.

Rubela ilirudi kwa kishindo Marekani mwaka 1964 na 1965. Watu wapatao milioni 12.5 waliugua, na watoto wapatao 20,000 walizaliwa wakiwa wameathirika. Zaidi ya 11,000 walikuwa viziwi, kama 3,500 walikuwa hawaoni, na kama 1,800 walikuwa na ulemavu wa akili. Mjini New York daktari wa akili za watoto, Stella Chess, aliwachunguza watoto 243 wa kundi hilo. Kumi kati yao walikuwa na usonji kamili na wengine 8 walikuwa na dalili zake kwa sehemu, idadi kubwa mno kwa hesabu za wakati huo. Alipowarudia walipokuwa wakubwa zaidi, picha ilikuwa imebadilika: wapo waliokuwa wamepona dalili zile, wapo waliokuwa wamezidiwa, na wapo ambao hawakuwa nazo mwanzoni lakini sasa walikuwa nazo. Mtoto yuleyule, virusi vilevile, majibu tofauti kwa umri tofauti. Mtu aliyewapima mara moja tu angeondoka na ukweli nusu.

Lakini sehemu ninayopenda kuikumbuka ya kizazi hicho haikuandikwa hospitalini. Shule za viziwi za Marekani zilifurika ghafla. Mwaka 1968 serikali ikaidhinisha vituo maalumu kwa ajili ya watoto viziwi wasioona, kwa kuwa wazazi walikuwa wamejaa milangoni na hakuna aliyeweza kujifanya hakuwaona wazazi hao. Watoto hao wakakua, wakapanda ngazi za masomo. Machi 1988 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, chuo cha viziwi kilichoanzishwa mwaka 1864, walifunga mageti wakidai rais kiziwi baada ya miaka 124 ya marais wanaosikia. Baada ya wiki moja hivi walimpata, I. King Jordan. Wengi waliokuwa chuoni miaka ile walikuwa watoto wa mlipuko wa rubela. Ukisoma makadirio yaliyoandikwa juu yao walipokuwa vitandani mwaka 1965, hutaona mahali palipoandikwa kwamba siku moja watasimamisha chuo.

Tuje kwa Zika, ambayo kwa asili ni jirani yetu. Jina lake ni la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda, na virusi vyenyewe viligunduliwa humo mwaka 1947 kwa kima aliyewekwa kwa ajili ya utafiti wa homa ya manjano. Karibu miaka 70 baadaye, mwaka 2015, madaktari wa kaskazini mashariki mwa Brazil waliona watoto wakizaliwa na vichwa vidogo kupita kawaida. Picha zao zilizunguka dunia, na kichwa kidogo kikawa ndio alama. Aliyekuwa na kichwa kidogo alihesabiwa, aliyekuwa na kichwa cha kawaida aliruhusiwa kwenda nyumbani.

Mwaka 2016 ikatoka taarifa ya watoto 13 wa huko, wote wamethibitishwa kuwa walipata Zika tumboni, wote wamezaliwa na vichwa vya kipimo cha kawaida. Baada ya miezi, kwa 11 kati yao ukuaji wa kichwa ulikuwa umerudi nyuma mpaka wakaingia katika kundi la vichwa vidogo. Na huko Rio de Janeiro, watoto 216 wa mama waliougua Zika wakiwa wajawazito walipofuatiliwa hadi umri wa miezi 7 hadi 32, karibu theluthi walikuwa nyuma katika ukuaji au walikuwa na tatizo la macho au masikio. Futi kamba ya siku ya kwanza ilisema kweli yake. Tatizo lilikuwa kuitegemea peke yake.

Sasa CMV, ambayo naamini ndiyo inayotuhusu zaidi na ndiyo tunayoijua kidogo zaidi. Virusi hivi hukaa kwenye mate na mkojo, hasa wa watoto wadogo, na wengi wetu Afrika Mashariki tulivipata tukiwa bado tunatambaa bila hata kuumwa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mama aliyekwisha kuvipata utotoni hana cha kuhofia. Imeonekana sivyo. Virusi vya zamani vinaweza kuamka mwilini wakati wa ujauzito, au vikaingia vya aina nyingine, na mtoto akaambukizwa. Kwa hiyo nchi ambazo karibu kila mwanamke anavyo ndizo pia zenye watoto wengi wanaozaliwa navyo. Hata katika nchi tajiri, ambako virusi vimeenea kidogo zaidi, ni kama mtoto 1 katika kila 200.

Kati ya watoto hao, 9 hivi katika kila 10 huzaliwa bila dalili yoyote. Wengi wao watakua vizuri kabisa, na hili nalisema kwa sauti kwa sababu sitaki kumtia mama yeyote hofu bure. Ila kama 10 hadi 15 katika kila 100 ya hao wasio na dalili watapoteza usikivu, mara nyingine sikio moja kwanza, mara nyingine baada ya mwaka au miaka. Mtoto anaweza kupimwa masikio siku ya pili ya maisha yake, akapita vizuri, na akiwa na miaka miwili akawa hasikii. Kipimo hakikukosea. Masikio ndiyo yaliyobadilika.

Mjini Houston, Texas, kuna utafiti uliowafuata watoto wa CMV tangu walipozaliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliwafuata wasio na dalili mpaka umri wa miaka 18. Wale ambao masikio yao yalibaki mazima hawakutofautiana na wenzao wasio na virusi katika akili wala katika masomo. Waliopoteza usikivu kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliokuwa nyuma. Nimeurudia utafiti huu mara kadhaa, kwa sababu unaonyesha mlango ulipo. Kwa kundi hili, sikio ndilo linaloamua kama virusi vitafika mpaka kwenye daftari la shule. Na sikio ni kitu tunachoweza kukilinda, kukisaidia, au kukizunguka kwa lugha ya alama, ilimradi tujue mapema.

Mapema maana yake nini? Jibu moja zuri lilitoka Colorado, Marekani, mwaka 1998. Watoto 150 wenye upungufu wa kusikia, wa sababu mbalimbali, walilinganishwa lugha zao. Waliogunduliwa kabla ya miezi 6 na familia zao zikaanza kusaidiwa mara moja walikuwa na lugha bora zaidi ya waliogunduliwa baadaye. Ubongo wa mtoto unadai lugha katika miaka ya kwanza kama mwili unavyodai maziwa. Ukichelewa kuulisha, hutaulipa deni lote kwa kuuongezea chakula akiwa na miaka saba. Ndiyo maana yule bibi wa "atasema tu", kwa mapenzi yake yote, anamgharimu mjukuu kitu ambacho hakirudi. Simlaumu. Hakuna aliyempa neno jingine la kusema.

Kwa upande wa kinga, Tanzania na Kenya hazikulala. Tanzania ilifanya kampeni kubwa ya surua-rubela mwaka 2014 kwa watoto wa kuanzia miezi 9 hadi chini ya miaka 15, kisha ikaiingiza chanjo hiyo kwenye ratiba ya kawaida. Kenya ikafuata mwaka 2016. Mtu anaweza kuuliza kwa nini walichanjwa hata watoto wa darasa la saba. Ugiriki ilitoa somo hilo kwa uchungu: ilianza kuchanja mwaka 1975 bila kuwafikia watoto wa kutosha, rubela ikapungua kwa wadogo lakini ikawasubiri wasichana mpaka umri wa kuzaa, na mwaka 1993 ikapata mlipuko ulioacha watoto 25 waliothibitishwa kuathirika tumboni, katika nchi yenye watu milioni 10 tu. Chanjo ya nusunusu inaweza kuhamisha ugonjwa kutoka kwa mtoto kwenda kwa mjamzito. Kwa hiyo kila dozi inayorukwa huku kwetu ina uzito kuliko mzazi anavyofikiri, na huenda anayelindwa na dozi ya mwanangu ni mimba ya mwalimu wake.

CMV haina chanjo. Mjamzito aliyekwisha kuzaa anaweza kujikinga kwa kiasi kwa kunawa mikono baada ya kumbadili mtoto nepi au kumfuta makamasi, na kwa kutokula kijiko kimoja naye. Najua ilivyo. Mama anamalizia uji wa mtoto kwa sababu chakula hakitupwi, na nani atamwambia asimbusu mwanawe? Namtajia ili ajue. Asibebeshwe lawama kwa asichokijua, maana lawama anazo za kutosha. Mtoto akichelewa kutembea ataulizwa alikula nini, alipita wapi, nani alimwangalia vibaya. Rubela yenyewe mara nyingi haitoi hata kipele. Mwanamke anaweza kuipata kwenye daladala na asijue kamwe.

Nchi nyingine zimeamua kuwatafuta watoto wa CMV tangu siku za mwanzo. Jimbo la Ontario, Kanada, lilianza mwaka 2019, na Minnesota, Marekani, mwaka 2023. Muda ni mfupi: ili kuthibitisha kwamba mtoto aliambukizwa tumboni, mate au mkojo wake upimwe ndani ya siku 21 za kwanza. Ukipita hapo huwezi kutofautisha na aliyeambukizwa kwa maziwa ya mama. Ipo na dawa, valgansikloviri, ambayo kwa watoto wenye dalili ikianzwa ndani ya mwezi wa kwanza na kutumika miezi 6 husaidia kiasi usikivu na ukuaji. Je, niseme nasi tuanze kumpima kila mtoto CMV kesho? Hapana. Zahanati ambayo mizani yake inazunguka kati ya vijiji vitatu haiwezi kuanzia huko, na sipendi makala zinazoagiza mambo ya Ontario kwa muuguzi wa Kilindi.

Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na nakidai kwa nguvu zote. Chanjo ya surua-rubela hutolewa mara mbili: miezi 9 na miezi 18. Hiyo ndiyo miezi yenyewe. Mtoto wa miezi 9 anayesikia hugeuka akiitwa kwa nyuma, na hubwabwaja silabi kama "ba-ba-ba". Mtoto wa miezi 18 huwa na maneno yake machache na hufuata agizo dogo, kama "lete kiatu", bila kuonyeshwa kwa kidole. Mama yupo pale, mtoto yupo pale, muuguzi yupo pale, kadi imefunguliwa mezani. Kwenye kadi tunaandika kilo, tunaweka nukta, tukiona amebaki kwenye kijani tunamshukuru Mungu na kumwita anayefuata. Mtoto kiziwi hukaa kwenye kijani vizuri kabisa. Anakula, ananenepa. Mizani haina habari na masikio yake.

Sijaribu kumwongezea muuguzi mzigo ambao sitaubeba mimi. Najua foleni ya Jumatatu ilivyo, na najua kwamba mara nyingi yuko peke yake. Kumwita mtoto kwa nyuma ni kazi ya nusu dakika, na kumwuliza mama "anageuka ukimwita?" haihitaji umeme wala kitendanishi. Si kipimo kamili: wapo watakaopita hapa na sikio moja bovu, na wapo watakaotiliwa shaka bure. Lakini leo kwa watoto wengi hatuna hata hicho. Tanzania ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali, inayomhusu mtoto kuanzia sifuri hadi miaka 8, na Kijitabu cha Mama na Mtoto cha Kenya kina hatua za ukuaji zilizopangwa kwa umri. Karatasi tunazo. Sharti hatua hizo ziulizwe kwa sauti, na jibu liandikwe kwa kalamu.

Na likiandikwa "hapana", mtoto aende wapi? Hili ndilo swali gumu, na mtu wa Sumbawanga ana haki ya kulirudia mara mbili. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu hapahapa nchini, na mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji katika hospitali za KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam. Huko ni mbali na ni ghali kwa wengi. Shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni ili kusikia, nalo lina bei, na betri zake huisha. Ila lugha ya alama haisubiri rufaa. Familia ikiambiwa mtoto akiwa na miezi 10, ina miaka yote ya utoto wake kujifunza naye, ishara ya maziwa, ya lala, ya njoo, ya nakupenda. Ikiambiwa akiwa na miaka 7, siku ya kuandikishwa shule, anaanza kujifunza lugha yake ya kwanza kabisa wakati wenzake wanajifunza kusoma. Nchi yetu ina shule ya viziwi tangu ile ya Tabora ya mwaka 1963. Walimu wake wanajua vizuri tofauti ya mtoto anayefika na lugha ya nyumbani mikononi na yule anayefika mikono mitupu.

Kwa hiyo nawaomba wanaochapisha kadi za kliniki nafasi ya mistari miwili. Mmoja kwenye miezi 9: anageuka akiitwa kwa nyuma, ndiyo au hapana, tarehe. Mwingine kwenye miezi 18: anasema maneno mangapi, tarehe. Vikae palepale inapoandikwa dozi ya surua-rubela, mtu asiweze kujaza kimoja bila kuona kingine.